Diski alizorekodi marehemu baba zinacheza kwenye deki yake tu, kwingine kote "No Disc". Naomba msaada kabla deki haijafa

#1 Binti wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho maana jambo hili linaninyima usingizi.

Marehemu baba alikuwa mtu wa kutunza vitu. Mwaka 2008 mjomba alimletea kutoka Maskati deki ya kurekodi DVD. Unachomeka waya za njano, nyekundu na nyeupe kutoka kwenye deki ya mikanda, unaweka diski tupu, unabonyeza kitufe chekundu na mkanda unahamia kwenye diski. Baba alikaa nayo miezi kadhaa, kila usiku mkanda mmoja. Alihamisha ndoa yake na mama ya mwaka 1991, maulidi ya kaka, send-off ya shangazi, na mkanda ambao bibi mzaa baba anaimba huku anatwanga mpunga uani. Mkanda huo ni wa 1994. Bibi alifariki 1997 na sauti yake hatuna mahali pengine popote.

Mikanda yenyewe ilikuja kuota ukungu mweupe, joto na chumvi ya Tanga mnazijua. Mwaka 2014 tukaitupa, tukiamini diski zipo.

Diski ziko 11. Zinacheza kwenye deki ya baba peke yake. Deki ya sebuleni inaandika "No Disc". Laptop ya mdogo wangu inaonyesha diski ni tupu kabisa, halafu ikaniuliza nataka kuitumiaje, kama flashi au kama diski ya kuchezea. Nikaogopa, nikafunga. Nimezifuta kwa kitambaa laini, wapi. Na sasa deki ya baba imeanza kugoma kutoa trei mpaka niipige kofi ubavuni.

Fundi wa mtaani kaniambia diski zimekufa, nikubali tu. Lakini zimekufaje wakati kwenye deki ya baba zinacheza vizuri? Mama anatimiza miaka 60 mwezi ujao na nilitaka tuzitazame wote.

#2 Kichuguu

Pole sana dada. Mimi naona hapo tatizo ni kanda (region), yaani eneo la dunia ambalo DVD imeruhusiwa kuchezwa. DVD za Oman ni kanda ya 2 na huku kwetu Tanzania na Kenya ni kanda ya 5. Deki imetoka Maskati kwa hiyo diski zake zinakubali deki za kule tu. Tafuta fundi aifungue deki ya sebuleni isome kanda zote.

#3 Mama Twalib

Nafuatilia huu uzi kwa karibu. Nina mikanda kumi na tatu kwenye sanduku na nilikuwa nataka kununua deki kama hiyo.

#4 Fundi Bisibisi

Dada, kwanza usiipige tena hiyo deki. Pili, umefanya jambo la maana sana kufunga ile laptop bila kujibu. Ungebonyeza "ndiyo" ikaanza kuiandaa diski kama flashi, ungeweza kuharibu kilichomo. Mwambie mdogo wako na kila mtu hapo nyumbani: kompyuta ikisema diski ya baba ni tupu na ikauliza swali lolote, jibu ni kufunga dirisha na kutoa diski.

Diski zako hazijafa. Diski iliyokufa haichezi popote. Hizi hazijafungwa.

Naeleza taratibu kwa sababu watu wengi wamezitupa diski kama hizi kwa kutojua. Deki inaporekodi, picha na sauti zinaandikwa kwenye diski papo hapo, lakini orodha ya nini kinaanzia wapi inaandikwa kwa muda, sehemu ya ndani kabisa karibu na tundu la katikati, kwa utaratibu ambao deki ya kurekodi inaujua. Deki ya kawaida ya kuchezea haitazami huko. Yenyewe inatafuta mwanzo rasmi wa diski, mwisho wake na menyu, kama ilivyo kwenye DVD ya dukani. Isipoviona inasema hakuna diski. Kuviandika hivyo vitu ndiko kufunga diski, na kwenye menyu ya deki utakuta neno "Finalize". Baba alihamisha mikanda, akazicheza kwenye deki yake, zikacheza, akaona kazi imekwisha. Wala si kosa lake, deki zile hazikuwa zikikumbusha mtu.

Mkuu Kichuguu, kuhusu kanda uko sawa kwamba Oman ni 2 na sisi ni 5. Ila namba hizo zinawekwa na kampuni za filamu kwenye diski zao. Diski uliyorekodi mwenyewe nyumbani haina kanda, inaruhusiwa kote duniani. Kwa hiyo hata akiifungua deki ya sebuleni isome kanda zote, itaendelea kusema "No Disc".

Sasa dada, usikimbilie kuzifunga leo. Ukishaanza kufunga, unaandika juu ya diski yenye zaidi ya miaka kumi na tano kwa kutumia deki ambayo ni mgonjwa. Ikishindwa katikati, au umeme ukikatika katikati, diski inaweza isisomeke tena hata kwenye deki ya baba. Tuanze na kitu kisichogusa diski.

Deki bado inacheza. Basi chukua zile waya tatu za rangi, toa kwenye tundu za kutokea za deki ya baba, na badala ya kwenda kwenye TV zipeleke kwenye kile kidude cha USB cha kunasa video. Maduka ya vifaa vya kompyuta wanacho, kina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe upande mmoja na USB upande wa pili. Kompyuta inarekodi kile deki inachocheza, diski haiguswi. Kwenye programu ya kunasa (OBS ni ya bure na inatosha) chagua PAL, mfumo wa picha wa huku kwetu, ukubwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Ukiacha kwenye NTSC, mfumo wa Marekani, utapata picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka, utadhani kifaa kibovu. Ni kazi ya muda halisi, mkanda wa saa mbili ni saa mbili. Anza na bibi. Leo ikiwezekana.

Wakati hiyo inaendelea, nipe majibu ya mambo mawili. Kila diski imeandikwa nini karibu na tundu la katikati: DVD-R, DVD+R, DVD-RW au RAM? Alama ya kutoa na ya kujumlisha ni vitu viwili tofauti, usizichanganye. Halafu geuza diski, isimamishe karibu na dirisha mwanga uje kwa upande. Utaona duara lililobadilika rangi kidogo kuanzia katikati, hapo ndipo palipoandikwa. Niambie kama duara hilo lina mawingu au madoa, hasa ukingoni.

#5 Binti wa Chumbageni

Fundi, Mungu akubariki. Machozi yalinitoka niliposoma kuwa hazijafa.

Nimezikagua zote mezani na tochi. DVD-R ni saba. DVD-RW mbili, na mojawapo ndiyo ya bibi, baba kaandika kwa kalamu ya wino mzito "MAMA, 1994". Moja ni RAM, hii ni ya ajabu, kwa nyuma ina vialama vidogovidogo kama vibao vimepangwa kwa mistari. Na DVD+R moja. Hapa nilikosea kule juu: hii ya kujumlisha inacheza kwenye deki zote hapa nyumbani. Ni harusi ya kaka ya 2010, tulipewa na mpiga picha. Lakini nakala yake tuliyompelekea kaka Toronto inagoma kwenye deki yake, ndiyo maana nilihesabu zote zina tatizo.

Duara naliona kwenye DVD-R zote, ndani ni zambarau iliyofifia, nje ni zambarau iliyoiva. Moja ya maulidi ina kama ukungu ukingoni, hautoki kwa kufuta.

Kidude cha USB nakifuata kesho mjini.

#6 Fundi Bisibisi

Safi. Umekagua vizuri kuliko mafundi wengi.

Nianze na Toronto maana ni jepesi. Sisi na Oman na Uingereza tunatumia PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Canada na Marekani ni NTSC, mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Deki nyingi za huku zinacheza zote mbili, lakini deki nyingi za kule zinakataa PAL. Diski ya kaka ni nzima. Aiweke kwenye kompyuta, afungue na programu ya video ya VLC, itacheza bila kuuliza. Huko mbele msimpelekee diski tena, mpeni faili la MP4, halina habari ya PAL wala NTSC kwa mtazamaji.

Zile saba za DVD-R ndizo za kufunga. Kumbuka DVD-R ikifungwa haifunguliwi, huongezi kitu tena, na kwako hilo si hasara.

DVD-RW na RAM ni habari nyingine na hapa naomba mnisikilize vizuri. Deki za kurekodi zina namna mbili za kuandika. Moja inaitwa "Video", hiyo ikifungwa inafanana na DVD ya dukani. Nyingine inaitwa "VR", ilitengenezwa ili mtu aweze kukata matangazo, kufuta kipande na kupanga upya. DVD-RAM hutumia VR. DVD-RW inaweza kuwa yoyote, inategemea baba alichagua nini alipoiandaa. Diski ya VR hata ukiifunga, deki ya sebuleni ambayo haijui VR itaendelea kuikataa. Watu wanafunga, inakataa, wanasema fundi muongo.

Kwa hiyo ya bibi usiifunge kabisa. Deki ikikuuliza kama unataka kuiandaa upya, "Format", jibu hapana, kwa sababu RW inafutika. Baada ya kuinasa kwa waya, ijaribu kwenye kompyuta yenye draivu ya DVD. Kama ni VR utakuta folda inaitwa DVD_RTAV na ndani yake faili kubwa VR_MOVIE.VRO. Ukiliona hilo umeokoka: linakili lote kwenye kompyuta, mara nyingi VLC inalifungua, na programu ya HandBrake inaligeuza kuwa MP4. Picha yake itakuwa safi kuliko ya kunasa kwa waya kwa sababu ndiyo data yenyewe aliyoiandika baba.

RAM inasomwa na draivu chache. Tafuta kompyuta ya mezani ya miaka ile, tazama uso wa trei kama kuna neno RAM au nembo ya DVD Multi.

Kuhusu trei kugoma: ndani kuna mkanda mdogo wa mpira unaozungusha gia ya kutoa trei. Ukizeeka unalegea na kung'aa, unateleza. Ndiyo maana ukiipiga inatoka. Ni kazi ya dakika chache na mpira wenyewe ni kitu kidogo. Lakini fundi anayeifungua muombe na kusafisha lenzi kwa pamba na spiriti safi, polepole, bila kukandamiza. Fanyeni hayo KABLA ya kufunga hata diski moja.

#7 Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nami yalinikuta haya haya. Deki yangu ya kurekodi ilikufa kabisa na diski ishirini na kitu hazijafungwa. Nilikaa na huzuni mwaka mzima. Mwisho nikapata sokoni deki iliyotumika ya kampuni ile ile na umbo linalokaribiana, nikaweka diski moja isiyo na maana sana, ikaitambua, menyu ikakubali kuifunga. Wallahi nilisujudu. Deki ya kampuni nyingine niliyoazima kabla ya hapo ilikataa zote, ikasema haiwezi kuzifunga.

Dada, deki ya baba usiitoe, usiiuze, usimpe mtu mpaka diski ya mwisho iwe imenakiliwa. Diski hizo na deki hiyo ni kama kufuli na ufunguo wake.

#8 Fundi Bisibisi

Wa alaykum salaam shekhe. Umesema neno lenye uzito kuliko maelezo yangu yote. Nimeona familia zimehama nyumba, wakauza deki kwa bei ya chakula cha mchana, wakabaki na diski.

#9 Mwanaume wa Kisauni

Hamjambo. Mimi niko Mombasa, tatizo langu ni tofauti kidogo. Deki ya kurekodi ninayo na mikanda ninayo. Nikianza kunakili mkanda wa arusi ya dada, baada ya dakika mbili deki inasimama na kuandika kuwa mkanda umelindwa, haiwezi kurekodi. Mkanda tulirekodi sisi wenyewe kwa kamera, ni nani aliyeulinda?

#10 Fundi Bisibisi

Hakuna aliyeulinda. Kampuni za filamu ziliweka kwenye mikanda yao mishtuko ya makusudi katika sehemu ya mawimbi ambayo macho hayaioni, ili deki zishindwe kunakili. Deki ya kurekodi imefundishwa kuitambua mishtuko hiyo. Mkanda wa zamani uliovutika, au kichwa cha deki ya mikanda kikiwa kichafu, hutoa mawimbi yanayoyumba, na deki inafananisha.

Upeleke mkanda mbele hadi mwisho na kurudi nyuma hadi mwanzo mara moja kabla ya kucheza, ukae sawa kwenye magurudumu yake. Safisha kichwa. Jaribu deki nyingine ya mikanda, hii pekee imewahi kunitatulia mara nyingi. Isipokubali, ruka deki ya kurekodi kabisa, nasa kwa kompyuta na kile kidude cha USB. Kuna pia kifaa cha kunyoosha mawimbi kinachokaa katikati, watu wa studio wanakiita TBC, kizuri sana lakini ghali.

Usichelewe. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Deki ya mikanda iliyopo ndiyo hiyo hiyo, inazeeka pamoja na mkanda.

#11 Dogo Janja wa Temeke

Fundi msaada na mimi. Nilinunua mtumba wa deki ya kurekodi kutoka Japani, nzuri sana, bado inang'aa. Waya nimechomeka kutoka deki ya mikanda lakini inaonyesha picha nyeusi na nyeupe inayokimbia.

#12 Fundi Bisibisi

Umeichomeka moja kwa moja ukutani? Angalia nyuma imeandikwa volti ngapi. Japani ni volti 100, huku kwetu ni 230. Kama imeandikwa 100 peke yake, itoe sasa hivi utafute transfoma ya kushusha, vinginevyo utakuja kusikia harufu.

Picha kukimbia ni kwa sababu Japani ni NTSC na nyingi za deki zao hazipokei PAL. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye menyu. Mikanda yako ya nyumbani ni PAL, tafuta deki iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la PAL.

#13 Mama Twalib

Fundi, na diski tupu je? Nilinunua pakiti dukani nikapeleka kwa jirani mwenye deki ya kurekodi, deki yake inazikataa zikiwa mpya kabisa, hata hazijaandikwa kitu.

#14 Fundi Bisibisi

Mama, kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni alama ile ile ya kutoa na kujumlisha. DVD-R ililetwa na Pioneer mwaka 1997. Kundi jingine la kampuni, akiwemo Philips na Sony, likaleta DVD+R mwaka 2002. Deki za kurekodi za miaka ya mwanzo nyingi zilichagua upande mmoja. Mwambie jirani asome mlango wa mbele wa deki, nembo zinazokubalika zimechapwa pale.

Ya pili ni kasi. Deki ya zamani ilijua diski za kasi ya 4 au 8. Diski za leo zimeandikwa 16x, na deki kabla ya kuandika inasoma namba ya mtengenezaji ndani ya diski ili ijue leza iwake kwa nguvu gani. Ikikuta namba isiyoijua inakataa, au inaandika vibaya. Nunua moja moja ujaribu kabla ya kununua pakiti. Ziwe za mtengenezaji anayejulikana, kwa sababu za bei ya kutupa nyingine zinaandikwa vizuri leo na baada ya miaka michache hazisomeki.

Ila kwa mikanda kumi na tatu, ushauri wangu wa kweli ni usinunue deki ya kurekodi sasa. Nasa kwa kompyuta moja kwa moja, weka kwenye diski kuu (hard disk) mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine. Diski moja ya DVD ni GB 4.7 tu. Ukirekodi kwa "SP" unapata saa mbili, ukibana kwa "EP" unapata saa sita lakini nyuso za watu zinakuwa kama zimepakwa uji.

Na msibandike karatasi juu ya DVD, tafadhali. Diski inazunguka kwa kasi, karatasi ikikaa upande inayumba na leza inapoteza mstari. Andikeni kwa kalamu ya wino laini. Mkifuta vumbi, futeni kutoka katikati kwenda nje, msizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoficha data nyingi kwa pamoja.

#15 Binti wa Chumbageni

Wakuu nimerudi na habari.

Kidude cha USB nilikipata. Usiku ule ule nikaweka diski ya bibi, nikachagua PAL kama Fundi alivyosema. Picha ikatulia. Sikulala mpaka ilipoisha. Baada ya hapo nikanasa ya ndoa ya wazazi na ya maulidi ile yenye ukungu, nikaona nishughulikie trei kwanza.

Fundi mwingine wa huku ameifungua deki mbele yangu. Mpira ulikuwa umenyooka kama kamba ya kiatu, tena unang'aa. Kaweka mpya, kasafisha lenzi. Trei sasa inatoka yenyewe. Nilimshika mkono nikamshukuru.

Nimeazima UPS ofisini, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, nikaanza kufunga na diski ya send-off ambayo tayari tuna nakala yake kwa shangazi. Ilichukua dakika tisa, nilizihesabu. Nikaipeleka deki ya sebuleni na ikacheza! Menyu ikatokea ya bluu na jina alilolichapa baba kwa rimoti, herufi moja moja: "SENDOFF DADA". Nikafunga nyingine tano. Zote zinacheza kote.

Ya saba ni ile ya maulidi. Deki ilifika katikati ikaandika imeshindwa. Sasa haichezi hata kwa baba. Nina nakala ya waya lakini je, kuna njia ya kupata yenyewe?

#16 Fundi Bisibisi

Hongera sana sana dada. Na umeona faida ya kunasa kwanza.

Kwa hiyo ya maulidi jaribu programu inaitwa IsoBuster. Inasoma diski ambazo hazikufungwa, au zilizoharibika wakati wa kufungwa, kwa kutafuta vipande vya video vyenyewe bila kutegemea orodha. Kwanza toa picha kamili ya diski iwe faili kwenye kompyuta, halafu fanyia kazi faili, usiendelee kuisulubu diski. Draivu zinatofautiana sana, ya laptop ikishindwa jaribu ya kompyuta ya mezani, nimewahi kupata kwenye draivu ya nne. Iache diski ipoe kati ya majaribio. Ukungu wa ukingoni unaosema hautoki ni gundi. DVD ni plastiki mbili za milimita 0.6 zilizobandikwa, na data iko katikati yake. Unyevu ukiingia ukingoni, haufutiki kutoka nje. Deki huandika kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo kinachopotea ni mwisho wa sherehe, mwanzo utaupata.

#17 Kichuguu

Dada hongera. Na Fundi asante kwa kunisahihisha kwa upole, mimi mwenyewe nina diski sita ndani ambazo niliziacha nikidhani ni mambo ya kanda. Nazitafuta leo.

#18 Binti wa Chumbageni

Mrejesho wa mwisho kutoka kwangu.

Maulidi: draivu ya laptop ilikataa. Mezani kwa jirani, IsoBuster ikapata yote isipokuwa kama dakika nne za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kula. Zipo kwenye ile ya waya.

DVD-RW zote mbili zilikuwa VR kweli. Folda ile ile, faili lile lile kama Fundi alivyoandika. La bibi lina dakika 38. Nimeligeuza kuwa MP4, na tofauti na nakala ya waya inaonekana, mpaka pumba za mpunga zinaonekana zikiruka kutoka kwenye kinu.

RAM haikusomwa na draivu yoyote hapa Tanga, kwa hiyo nimeinasa kwa waya. Kumbe ni safari ya baba Lushoto na wenzake wa kazini, hatukuijua. Kaka Toronto amefungua harusi yake kwa VLC.

Mama hakusubiri siku yake. Alisikia sauti ya bibi kutoka chumbani kwangu nikiwa najaribu faili, akaja akasimama mlangoni na upawa mkononi. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio akaitikia, anayajua maneno yote. Kisha akaniambia mchi ule upo, uko nyuma ya mlango wa jiko, wameutumia juzi.

Deki nimeifunga kwenye shuka la baba na kuirudisha kabatini. Mwanaume wa Kisauni, ikikushinda ile ya arusi nitafute, kidude cha USB sina kazi nacho tena kwa sasa.